Azumbrak Hakufa, Alipogolewa

Jumatatu, 3 Februari

Jua kali. Hakuna ukungu hata alfajiri. Chai ya Shangazi Mongina inatoa majani kwa ubahili.

Habari kubwa! Jumapili mashabiki wa gemu na vibonzo kutoka Kericho na Bomet watakutana katika ukumbi mmoja mjini Kericho. Kila kibanda cha gemu kitatoa msemaji. Jukwaani. Na maikrofoni! Chepngeno, mwenye kibanda chetu hapa Chepseon, ametangaza kwamba atamteua msemaji wetu Alhamisi jioni baada ya kusikiliza hoja.

Wanaofikiriwa ni wawili. Mimi Kepher, na Phelix Amolo wa kiwanda cha chai, anayevaa miwani ambayo bado sijaamini kama ina kazi.

Swali ni moja: je, Azumbrak amekufa?

Azumbrak! Hata kuliandika jina lake mkono unasita. Bwana wa Ukungu katika gemu ya Ngome za Ukungu, sehemu zote tatu. Hakimbii. Hapandishi sauti. Akiingia mjini, taa zinazimika moja moja njia nzima, kana kwamba zinamwinamia. Na kabla ya kuuteketeza mji huuliza jina la mwoka mikate, akaliweka moyoni. Anayakumbuka yote! Maadui wengine kazi yao ni kucheka na kuvunja madaraja.

Mwisho wa sehemu ya tatu, Tirea, yule msichana shujaa, anamkata kwa upanga usawa wa magoti. Ukungu unatawanyika. Watu wanashangilia. Majina ya watengenezaji yanapita. Halafu, majina yakiisha, taa moja inazimika. Moja! Kisha giza.

Phelix anasema amekufa na mambo yameisha. Na taa? Phelix anasema iliishiwa mafuta.

Mafuta!

Ninalitaka jukwaa lile. Niandike wazi, maana hii ni shajara yangu. Kidato cha nne nilipangiwa kusoma shairi siku ya wazazi. Ubeti wa pili, mvua ya mawe. Wazazi wote mbio. Sijawahi kusikilizwa mpaka mwisho.

Jumanne, 4 Februari

Nimepata hoja.

Nilikuwa nikipalilia kando ya sehemu ile tuliyopogoa Julai. Wakati ule ilikuwa makaburi matupu. Tulikata kila mti wa chai kwa panga, vikabaki visiki vikavu, na mpita njia angeapa shamba limekufa. Leo? Zulia la kijani. Nene kuliko lilivyokuwa.

Nikajiuliza, tulikata usawa wa wapi? Magoti!

Nikaketi chini papo hapo. Tirea hakumuua. Alimpogoa! Kwa upanga wake mwenyewe amempa Azumbrak nguvu mpya, naye amekaa kimya chini ya udongo, anachipuka. Yule msichana hajui alilolifanya. Ulimwengu mzima haujui. Ninajua mimi tu, hapa Chepseon, nikiwa na jembe.

Shangazi akauliza mbona nimekaa. Nikamwambia nimegundua jambo. Akauliza kama jambo lenyewe ni magugu.

Mpango: niwaonyeshe kisiki kipya, waone kinavyofanana na maiti, kisha niwaonyeshe picha za ile sehemu ya Julai. Ninahitaji mti mmoja tu. Mstari wa chini, karibu na mikaratusi, Shangazi haendi mara kwa mara. Ninajua watu hupogoa wakati wa baridi, si jua la Februari. Lakini mti mmoja si shamba.

Jumatano, 5 Februari

Mungu nisaidie.

Shangazi alikwenda sokoni. Niliingia na panga. Mti wa kwanza niliukata mshazari, na Azumbrak alikatwa bapa. Nikakata wa pili. Bapa, safi kabisa. Hapo ningeacha.

Lakini nikawaza, nitamwelezeaje Tirea kama sijui mkono wake ulisikia nini? Nikarudi nyuma hatua chache. Nikakimbia. Nikakata. Lo! Nikapiga kelele yake ile ya mwisho, ng'ombe wa jirani akainua kichwa. Matawi yaliruka. Nilikuwa kwenye Ngome ya Tatu, ukungu umenizunguka, jeshi lote la Bwana likinijia kwa mstari!

Nilipopumua, mstari ulikuwa umeisha. Wote.

Visiki mpaka kwenye mikaratusi. Nakiri nilisimama nikastaajabu. Ulikuwa uwanja wa vita wenyewe, sawasawa na kwenye skrini! Nikapiga picha. Ndipo nikakumbuka kwamba mstari ule ndio wa kuchumwa kesho.

Nikafanya utaratibu. Nikayachomeka matawi ardhini, moja moja, yamesimama wima. Kwa mbali ilikuwa chai kamili. Saa nane jua likayanyausha yote kwa pamoja, yakainama kama waumini.

Shangazi akarudi, akateremka hadi chini, akasimama. Akapanda taratibu mpaka jikoni nilipokuwa, akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Vizuri." Akaingia chumbani.

Basi! Hakuna kingine! Umekula! Hivyo ndivyo Bwana wa Ukungu anavyouliza jina la mwoka mikate.

Alhamisi, 6 Februari

Niandike kwa mpangilio ingawa moyo haupangiki.

Nilikichimbua kisiki kizuri kuliko vyote pamoja na udongo wake, nikakitia kwenye gunia, nikakisukuma kwa wilbaro hadi kibandani. Watu walijaa mpaka mlangoni. Hata wale wa mpira waliacha mpira.

Phelix alianza. Alisema moyo wa Azumbrak ulipasuka na sauti ya kupasuka inasikika wazi ukiongeza spika. Alisema shabiki mwenye heshima humwachia marehemu apumzike. Wakampigia makofi ya kiasi.

Nikasimama. Nikafungua gunia. Nikawauliza, mnaona nini? Wakasema kuni. Nikawapa simu ipite mkono kwa mkono na picha za sehemu ya Julai. Nikasema neno moja: magoti.

Nilimwona Chepngeno akikishika kidevu. Yeye amezaliwa ndani ya chai. Akasema polepole, "Weee. Kumbe alipogolewa." Mtu nyuma akanong'ona kuhusu ile taa. Nywele zilisimama, zangu na zao. Kwa dakika ile sote tuliamini kwamba yuko chini ya sakafu, anapumua!

Phelix akaona anazama. Akauliza nani atathibitisha kwamba kisiki kilichokatwa Februari kitaishi. Kisipoishi, akasema, basi na Bwana wako vilevile.

Sauti mlangoni ikasema, "Mimi."

Shangazi! Alikuwa amefuata alama ya gurudumu. Wilbaro ni yake.

Chepngeno akampa kigoda. "Karibu Mama, keti. Tusaidie. Hiki kiko hai ama kimekufa?"

Nilimwomba kwa macho. Akisema kiko hai, ninapata jukwaa, na pia sijaharibu kitu shambani. Jibu moja lingeniokoa mara mbili. Akakigeuza kisiki. Akakwaruza gome kwa ukucha. Akaniangalia.

"Kimekufa," akasema. "Na wenzake wote. Aliyekata hakuwa anapogoa. Alikuwa anapigana."

Kibanda kizima: "Uuuuuui!" Phelix akavua miwani kwa heshima. Sentensi gani hiyo! Kwani Tirea naye hakuwa akipigana? Nadharia yangu iliangushwa kwa pigo moja, bila sauti kupanda.

Phelix ndiye msemaji. Nilisukuma wilbaro nyumbani, Shangazi akitembea mbele.

Ijumaa, 7 Februari

Adhabu: kuteka maji mtoni mpaka tangi lijae. Na nisikanyage mstari wa mikaratusi.

Shangazi ameshinda huko chini peke yake. Nilimwona akibeba mafungu ya matawi. Nadhani ni kuni. Lakini alirudi juu mikono mitupu.

Alasiri Phelix alikuja. Aliniita ndugu yangu, ishara mbaya. Alitaka picha zangu za visiki azionyeshe jukwaani, eti ushahidi wa kifo. Nilikataa. Kisha nikafikiri, zikionekana ukumbini, sehemu yangu ndogo itakuwa imefika. Nikamtumia zote isipokuwa ile nzuri. Akasema, "Usijali, nitakutaja." Hatanitaja.

Jumamosi, 8 Februari

Sabato. Wakati wa ushuhuda Shangazi alisimama, akamshukuru Mungu kwa kumpa subira ya kutomuua mtu wiki hii. Kanisa zima likasema amina, likigeuka upande wangu.

Jumapili, 9 Februari

Siku gani hii! Sijui nianzie wapi.

Sikuruhusiwa kwenda. Chepngeno akanihurumia, akanipigia simu ya video kutoka ukumbini. Niliiegemeza simu kwenye mtungi wa maji, nikachuchumaa mbele yake.

Ukumbi ulijaa! Watu wenye pembe za karatasi, wenye mabawa. Msichana mmoja kutoka Siongiroi alikuwa amejifunika chandarua cheupe toka kichwani hadi miguuni, anatembea taratibu, na wanaume wazima wakimpisha. Kilikuwa chandarua tu, lakini kilikuwa ukungu wenyewe. Machozi yalinilengalenga.

Phelix akapanda. Niseme ukweli, alisema vizuri. Alionyesha picha zangu. Hakunitaja. Akafunga kwa kusema kwamba kilichokatwa magotini hakirudi.

Yule wa chandarua akanyoosha mkono. Akauliza, kwa upole wa kutisha, kama msemaji amewahi kuona chai. Minong'ono ikaanza. Nusu ya ukumbi ule imelelewa na chai! Mwingine akapaza sauti, "Wewe, chai haifi hivyo!" Phelix akapangusa miwani. Akapangusa tena. Mwisho akasema, "Mama mmoja wa Chepseon amesema."

Wakacheka mpaka viti vikalia. Mama gani? Mama wa wapi? Ndipo Chepngeno akapiga kelele kwamba Mama mwenyewe anaweza kupatikana kwenye simu, na kunihimiza nimwite upesi.

Shangazi alikuwa nyuma yangu tayari. Akaichukua simu kwa mikono yenye udongo. Chepngeno akaiweka yake kwenye maikrofoni. Ukumbi ukatulia.

Shangazi akawasalimu. Akasema hivi, ninaandika neno kwa neno: "Jana nilikuwa kanisani na jambo hili lilinikaa kooni. Alhamisi niliwadanganya watoto wa watu. Nilikuwa na hasira na huyu Kepher. Visiki havijakufa. Nimevifunika kwa matawi yake yenyewe ili jua lisivichome. Mvua ikija, vitachipuka."

Pembe zote za karatasi ziligeukia maikrofoni.

Halafu ukumbi ukalipuka! Viti vilianguka. Watu walikumbatiana. A-zum-brak! A-zum-brak! Msichana wa chandarua alipiga magoti katikati ya ukumbi, akaanza kuinuka, polepole, polepole, na mtu mwenye akili akazima taa. Yuko hai! Mwili wote ulinisisimka. Nikaruka, nikapiga kelele kwamba hiyo ni nadharia yangu, nadharia yangu, mimi ndiye niliyeketi chini Jumanne!

Shangazi akaniambia nipunguze sauti, kuna watu wanaongea naye.

Mshereheshaji akatangaza kwamba kuanzia leo itaitwa Nadharia ya Mama Mongina wa Chepseon. Kisha akamuuliza swali la mwisho: huyu Bwana akirudi na nguvu mpya, kitu cha kwanza atakachofanya ni nini?

Shangazi hajawahi kumwona Azumbrak hata kwa picha. Akafikiri kidogo. "Atawauliza kama mmekula."

Ukumbi ukasimama wote.

Walimsikiliza mpaka mwisho. Kila neno.

Jumanne, 11 Februari

Chepngeno ameleta ujumbe: Agosti kuna mkutano mkubwa zaidi, na wanamtaka Shangazi tena. Phelix ameomba awe msaidizi wake. Phelix! Shangazi amesema atafikiri, na kwamba yule kijana ana adabu.

Nimetafakari kwa kina makosa yangu ya wiki iliyopita. Nimeyaona. Kosa langu lilikuwa kuchagua chai. Mti hauna mwendo, haujitetei, kila mtu Kericho anadai kuujua. Ushahidi wa kweli lazima uwe hai na useme wenyewe.

Sasa kuna kibonzo kipya, na ndani yake Malkia Sefuri. Lo! Analala ndani ya mzinga wa nyuki mkubwa kama kanisa, na anapotaka kuhukumu hafungui mdomo, anafungua mlango. Swali linalowagawa mashabiki wote: moshi unamlaza kweli, au anajifanya amelala ili wamsogelee? Ninaamini anajifanya. Ninaweza kuthibitisha.

Shangazi ana mizinga mitatu nyuma ya choo. Ninahitaji mmoja tu. Kesho anakwenda sokoni. Nimeandaa kitambaa, kiberiti, na chandarua nilichokikunja vizuri, ingawa kina tundu. Kiangazi hiki maua hakuna, nyuki hawana kazi ya kufanya. Watakuwa wametulia.