Jinsi Mabonga Alivyoulinda Mwisho wa Kitabu

Njooni, enyi msomao mkiwa kwenye foleni, na ninyi mlao huku kitabu kimeegemezwa kwenye chupa ya chai! Sogezeni viti, zimeni redio, na anayepiga simu mwambieni apige baadaye. Kwa maana nitawasimulia vita alivyopigana Mabonga mwana wa Murunga, mfunga vifurushi, mtawala wa selotepu, mla kurasa asiyeshiba, siku ya Jumanne, saa nne za asubuhi, katika mji wa Eldoret, dhidi ya adui mkali kuliko wote aliowahi kukutana nao, yaani ulimi wake mwenyewe.

Huyu Mabonga alikuwa karani katika ofisi ya vifurushi, naye alijaliwa kipawa kimoja na kilema kimoja. Kipawa chake kilikuwa kusoma: mapenzi, majini, safari za mwezini, upelelezi, vyote alivisoma na vyote akavitolea hukumu bila kuulizwa. Kilema chake ni kwamba hakuweza kukisifu kitabu bila kukimaliza mbele ya watu. Mwezi wa pili alimwambia Selpha, fundi wa nguo, kwamba bibi arusi anatoroka na dereva, na Selpha alikuwa amebakisha kurasa kumi na mbili tu. Selpha hakugombana naye. Suruali ambayo Mabonga alimletea aipunguze kiunoni, aliipunguza na miguu, na hadi leo vifundo vya shujaa wetu vinajulikana na mtaa mzima wa Pioneer.

Vitabu hivyo vyote vilitoka kwenye rafu moja, nyuma ya majora ya vitambaa katika duka la Rukia, ambaye majirani humwita Mama Ayan. Rukia aliazimisha bila malipo lakini si bila sheria, na alikuwa amemwonya Mabonga waziwazi kwamba akitoboa mwisho mmoja zaidi, rafu imefungwa kwake. Na juu ya rafu hiyo kilikaa kitabu cha pili cha hadithi ndefu ya malkia aliyepokonywa nchi. Mabonga alikuwa amekingojea miezi mitatu, kwa kuwa kile cha kwanza kilimwacha malkia ameshika komeo la mlango. Mkewe Nanzala alifundisha shule nyumbani Bungoma, na jioni za chumba kimoja bila kitabu zilikuwa ndefu na za upweke. Alikitaka kitabu kile mpaka kikamuuma.

Basi siku ile wakakutana dukani kwa chai. Selpha alikuwa mbele ya cherehani, hashoni, anasoma hadithi ya upelelezi ambayo Mabonga aliimaliza Jumapili, na kurasa tisa ndizo zilizobaki. Rukia akaweka mezani sambusa zilizotoka kwenye mafuta dakika hiyo hiyo, akainua mkono, akanena:

"Karani Mabonga! Leo utatupatia maoni yako juu ya vitabu vyote vinne ulivyoazima mwisho. Sifu, tukana, lakini mwisho usiguse. Selpha akifika mstari wa mwisho bila kujua kitu, malkia ni wako. Akijua, mimi na wewe tutakuwa watu wa kusalimiana tu."

"Nimekubali, Mama Ayan." Mabonga akasimama, akaivuta suruali ishuke, nayo haikushuka. "Nianze na ile ya mapenzi. Huyo bwana ni mzuri, sawa, macho yake yameelezwa kurasa nne. Lakini nauliza mbele yenu: anafanya kazi gani? Kurasa mia tatu na hajaingia kazini hata siku moja! Ndiyo sababu yule dereva—"

Rukia akakohoa.

"Hiyo malizia tu," Selpha akasema bila kuinua macho. "Uliniharibia zamani."

"Nimenyamaza. Ile ya mwezini nimeiheshimu. Mwandishi amepima hewa, amepima uzito. Lakini watu mia mbili wameishi huko miaka kumi na hakuna hata mmoja ameuliza maziwa ya chai yanatoka wapi! Hapo mimi nikaacha kuamini. Na ile ya jini ilinitisha vizuri sana, mpaka jini likabisha mlango. Jini, libishe mlango? Kwani limeleta kifurushi?"

Rukia akacheka mpaka mtandio ukateleza mabegani. Mabonga alikuwa anashinda pande zote, na hapo ndipo alipolewa ushindi, akaingia uwanja wa upelelezi bila ngao.

"Na hii sasa! Hii ndiyo kitabu! Polisi anakunywa chai kwa kila shahidi, ndiyo maana nikamwamini. Na ile mambo ya stoo ya mahindi, vile walimuua yule mzee—"

Selpha akainua kichwa polepole. "Umesema wali?"

"Wali?" Mabonga akababaika. "Wali mimi sili. Mimi ni mtu wa ugali."

"Mabonga! Umesema walimuua. Kwani wako wangapi?"

"Ni heshima tu, dada. Kwetu mtu mzima anatajwa kwa wingi."

"Kwenu ni kwetu, hata mimi nimetoka Webuye! Na tangu lini muuaji akaheshimiwa? Kwa hivyo ni mtu mzima." Akaweka kidole kwenye ukurasa, akamkazia macho. "Niangalie. Ni mpwa wake?"

Uso wa Mabonga ukawa ukuta.

"Ni yule daktari wa ng'ombe?"

Jasho likamtoka, lakini ukuta ukasimama.

"Ama ni yule mjane jirani?"

Lo! Jibu likapanda kutoka kifuani, likafika kooni, likagonga meno likitaka kutoka, na mtawala wa selotepu siku hiyo hakuwa na selotepu. Akatazama juu, akakiona kitabu cha malkia. Akatazama chini, akaiona sambusa. Akaitwaa, akaitia yote kinywani. Ilikuwa moto kama kaa la jikoni. Machozi yakamwagika, masikio yakawaka, akaguna mguno wa ng'ombe dume, na katika uso ule hakuna binadamu ambaye angeweza kusoma chochote ila sambusa.

"Mwache," Rukia akasema. "Wewe soma."

Selpha akasoma. Mabonga akangoja, ulimi ukimpwita. Kwenye ukurasa wa tisa Selpha akaziba mdomo kwa mkono, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma tena, kisha akapiga ukelele.

"Woi! Ni wawili! Mjane na daktari, pamoja! Mabonga, uliniambia na sikusikia! Mimi nilikuwa nimemshika mpwa mpaka mwisho!"

Akacheka peke yake, kitabu kifuani. Mabonga alikuwa amewamalizia watu vitabu vingi, lakini hakuwahi kumwona mtu akifika mwisho mwenyewe. Ilimfurahisha kuliko alivyotarajia, kisha akaona aibu.

"Bole gwa ile ya deleva," akasema, kwa kadiri ulimi ulivyoweza.

Selpha akamtazama vifundo. "Lete hiyo suruali kesho. Kuna pindo niliacha kwa ndani. Itashuka."

Rukia akapanda kigoda, akamteremsha malkia, akampa. Basi waandishi wa tarehe, waliokwisha kuandika ya wateka miji na wavuka majangwa, na waongeze mstari huu: kwamba siku ya Jumanne, mjini Eldoret, Mabonga mwana wa Murunga alijua jambo, na hakulisema.