Plagi Baridi kwa Harusi ya Kanana

Jumatatu, 1 Agosti 2016
Kamati ya harusi ya Kanana imekutana kwangu, ikanywa chai yangu, ikamaliza nduma zangu, kisha ikaamua bibi harusi abebwe na pikapu ya Mwongera. Pikapu ya maziwa! Mwongera ni kaka ya mama yake Kanana, na kwetu mjomba haguswi. Analijua hilo na analitumia. Lakini ndugu ya marehemu baba yake ni mimi. Ndugu yangu Mutugi alipofariki aliacha Kanana darasa la pili, na mdogo wake Karambu hajaanza shule. Nani aliwalea? Mwongera alileta chupa ya maziwa kila Krismasi, akasimama mlangoni kungoja shukrani.

Nimesimama nikasema Kanana atakwenda kanisani kwa Subaru yangu. Wamecheka. Karani mstaafu wa kiwanda cha kahawa na gari la vijana! Kweli, kijana aliyeniuzia alilifungia turbo kubwa ya kuongeza nguvu na eksozi inayotosha kichwa cha mbuzi. Kweli pia, tangu Juni linakohoa tu. Mwenyekiti ametoa hukumu: likitembea vizuri Ijumaa ya tarehe 12, litambeba. Lisipotembea, ni pikapu.

Jumatano, 3 Agosti
Fundi Kivuti amesema plagi za kuwashia injini zimechoka. Nimepanda Meru hadi duka la vipuri la Mursal, linalotazamana na soko la Gakoromone. Mursal akauliza nataka plagi za joto au za baridi. Akaeleza kwamba za joto hukaa na moto wake, za baridi huutoa upesi, na injini iliyoongezwa nguvu hutaka baridi kidogo. Nilimwacha amalize, kisha nikamfundisha. Kwetu Kanyakine ni baridi. Asubuhi tunavaa sweta mbili. Mwenye kuhitaji plagi baridi ni mtu wa Ishiara, anayekaangwa na jua. Nimenunua za joto kuliko zote dukani. Mursal akasema sawa mzee, gari ni lako. Mfanyabiashara mzuri hujua ameshindwa lini.

Ijumaa, 5 Agosti
Injini hii imelala ubavu. Plagi ziko pembeni kabisa, na kuzifikia ni kama kumtoa kuku chini ya kitanda. Kazi imechukua saa mbili na nusu. Kivuti amechubuka vidole vyote vya mkono wa kulia.

Limewaka. Nimekwenda Nkubu na kurudi. Kwenye mlima, turbo iliposhika, injini ikaanza kugonga, ka-ka-ka. Nilidhani ni nguvu. Kivuti amezifungua tena: ncha nyeupe pe, moja imeanza kuyeyuka. Bado kidogo nitoboe pistoni. Amenitazama kwa huruma, jambo nisilolipenda kwa fundi. "Mzee, baridi ni ya huku nje," akasema. "Huko ndani ni jiko." Ati plagi iliyofaa hutoka na rangi ya chai ya maziwa. Nyeupe, joto limezidi. Nyeusi, baridi imezidi.

Mwongera alipita na pikapu yake, akapunguza mwendo, akapiga honi mara moja. Namchukia. Nimeandika hivyo na sitafuta.

Jumapili, 7 Agosti
Mzee wa kanisa Mwongera ameomba waumini wawakumbuke katika maombi wote wenye magari wagonjwa. Kanisa zima liligeuka kunitazama. Nilisema amina kwa sauti kuliko wote.

Jumatatu, 8 Agosti
Meru tena, na karatasi ya Kivuti. Ameandika plagi za baridi kwa hatua moja za kukimbilia, na za kawaida za kuvaa siku ya harusi, kwa kuwa msafara ni mwendo wa pole. Za kawaida! Kama za Mwongera!

Kwenye rafu ya juu nikaona kijisanduku chenye vumbi. Plagi za mtu wa mbio za magari, aliagiza na hakurudi. Baridi kuliko za kawaida kwa hatua nne. Kama hatua moja ni nzuri, nne ni nzuri mara nne. Nimepima kahawa miaka thelathini na moja, hesabu naijua. Mursal akasema hizo hupenda kasi, ukienda polepole hushika masizi na gari huzima. Nimemwambia sina mpango wa kwenda polepole.

Jumatano, 10 Agosti
Kanana amekuja, akakaa jikoni na mimi. Akasema gari halimsumbui, hata kwa miguu atakwenda. Anachotaka ni mchungaji akiuliza nani anamtoa binti huyu, mimi niwe kando yake. Aliniita Baba. Si Baba Mdogo, Baba tu. Nilimmiminia chai hadi kikombe kikafurika. Baadaye nikamwambia asiwe na wasiwasi, gari litakuwa tayari.

Ijumaa, 12 Agosti
Kivuti amefunga plagi huku akinung'unika. "Hizi ni za kukimbia, mzee. Kesho utakimbia na bibi harusi?" Nimepita mbele ya kamati kwa kasi hata kofia ya mwenyekiti ikaruka. Limepitishwa. Mwongera amepewa kazi ya kubeba viti. Nimekula sahani mbili za mukimo.

Jumamosi, 13 Agosti
Wakina mama sitini mbele ya gari, wakiimba na kucheza. Hatua mbili mbele, moja nyuma. Kanisa liko kilomita mbili. Kufika kwenye posho mill, kinu cha kusaga mahindi, gari likaanza kukohoa, likawamwagia shangazi za bwana harusi moshi mweusi, likazima.

Kanana akashuka na gauni lake, akanishika mkono. Akasema, Baba, twende tu kwa miguu. Nikamwambia dakika tano. Kivuti, aliyekuja na spana ndani ya suti, akasema niende, atamalizia yeye. Nikakataa. Nikavua koti. Mama hao waliimba wimbo mmoja mara tatu, mpaka Kanana akapanda pikapu, katikati ya viti.

Plagi ya tatu ilitoka nyeusi kama chini ya sufuria. Ndipo nikasikia kipaza sauti cha kanisa. Mchungaji aliuliza nani anamtoa binti huyu. Kimya. Kimya kirefu, na nilijua kimya kile ni changu. Halafu sauti ya Mwongera. Nililia, huku nikifungua ya nne.

Jumatano, 17 Agosti
Picha zimefika. Wote wanaipenda ile ya mlangoni mwa kanisa: Kanana akitoka na bwana wake, mama yake anatabasamu, Mwongera ametunisha kifua kwa suti ya kijivu. Mimi simo. Kathambi, mke wangu, ameitundika juu ya meza. Kasema sikio la kufa halisikii dawa, akaenda kukama ng'ombe.

Kanana ameniandikia kwenye simu kwamba kiti changu kilikaa wazi karibu na mama yake hadi mwisho wa ibada. Nimesoma mara nne. Chai imepoa, sikuimaliza. Imeniuma kuliko nilivyotarajia.

Nimekaa nikafikiri bila hasira, na nimeona kosa liko wapi. Plagi hazina shida. Shida ni wimbo. Nimekwenda kwa kiongozi wa kwaya kumwomba awafundishe wakina mama nyimbo za mbio kabla ya Desemba. Kisha nimempigia Mursal anitafutie plagi za baridi kuliko zile, nyingine nne, anihifadhie kwa harusi ya Karambu. Kathambi amesikia, akaniuliza Karambu anaolewa na nani, maana hana hata mchumba.

Mchumba atapatikana. Plagi kama zile ndizo adimu.