Ombi la Kurudishiwa Sebule Yangu

Kwa Mkufunzi Mkuu,
Timu ya Mauzo ya Majumbani.

Mama Mkufunzi,

Nakusalimu kwa heshima. Hatufahamiani, ingawa kwangu unatajwa mara nyingi kuliko mimi mwenyewe. Mimi ni fundi saa, mume wa yule muuzaji wako wa makopo ya plastiki yenye vifuniko ambaye mwezi uliopita ulimvisha taji la karatasi kwa kupanga pati nyingi za mauzo majumbani mwa watu kuliko wenzake wote. Naandika kulalamika.

Nikiri kwanza kwamba mimi ndiye niliyemsindikiza kwako. Mke wangu alikuwa mtu wa haya. Katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kuomba hata chumvi kwa jirani. Ilipoisha tulikula hivyo hivyo. Pati yake ya kwanza alikuja dada yake peke yake, naye alikuwa amefuata mwavuli wake. Jioni ile alisema anaacha kazi. Nikamshauri ajaribu semina yako. Kosa ni langu, ila madhara ni yako.

1. Ulimfundisha asimuulize mtu kama atakuja, bali amuulize atakuja Jumamosi au Jumapili. Mbinu hiyo sasa anaitumia kwangu. Juzi aliniuliza kama nitapaka rangi ukuta wa sebule Alhamisi au Ijumaa. Nikajibu Ijumaa. Nilikuwa juu ya ngazi, brashi mkononi, nilipokumbuka kwamba sikuwa nimekubali kupaka rangi.

2. Ulimwambia kila anayemfahamu anaweza kuwa mwenyeji wa pati. Mtaa ameumaliza. Ukoo wangu ameumaliza, pamoja na shangazi ambaye tulikuwa hatusemezani tangu ugomvi wa kiwanja. Sasa shangazi anapiga simu kila asubuhi, na inabidi nipokee. Wiki iliyopita mke wangu alikwenda kung'olewa jino. Alirudi na pengo na pati mbili, moja kwa daktari wa meno na nyingine kwa mgonjwa aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Mdomo ulikuwa bado na ganzi. Sijui walielewana vipi.

3. Nikitoka kazini nakuta wageni kumi na wanne sebuleni wanafungua na kufunga vifuniko, pap, pap, na viti vyangu vimesukumwa ukutani. Nikisalimia, naandikwa kwenye daftari la mahudhurio.

4. Hili ndilo linaloniuma. Zamani jioni tulikaa wawili, mimi na redio yangu, yeye akinitania kwamba nazisikiliza saa za watu kuliko ninavyomsikiliza yeye. Siku hizi anacheka na wengine. Jumanne nilimwambia nyumba imekuwa soko. Alinitazama kwa upole akasema, "Mume wangu, miaka yote hii wewe ulikuwa na karakana yako. Mimi nilikuwa na wewe tu." Nikajifanya natafuta miwani, nami nilikuwa nimeivaa.

Kwa hiyo naomba uandae semina ya kusahau ile ya kwanza, na uifute nyumba yangu kwenye orodha ya kumbi. Nisipojibiwa ndani ya siku saba nitalifikisha suala hili ngazi za juu, ambazo naambiwa ni wewe pia.

Nisalimie timu nzima, hasa yule dada mrefu anayekalia kiti changu. Kama una mume, mwambie nampa pole.

Wako aliyebanwa kwenye kona ya nyumba yake,

Fundi Saa

N.B. Kabla sijaifunga bahasha: jana mke wangu aliamka sauti imemkauka kabisa, na wageni tisa walishafika. Nilitoka kuwaambia warudi makwao. Nikashika kopo moja, ili mikono tu iwe na kazi. Nikajikuta nawaeleza jinsi mpira wa kifuniko unavyofanana na ule wa saa isiyoingiza maji, na wote wakanyamaza kunisikiliza. Wanne wameomba pati kwao. Mke wangu alisimama mlangoni, shuka begani, akinipigia makofi bila neno. Tafadhali nijulishe haraka: semina ijayo inaanza lini, na mnapokea wanaume? Malalamiko ya hapo juu yanaweza kusubiri.