Sertiseri ya Papa Rajabu na mafuta ya makayabu

Leo nimeaibika mbele ya wawindaji saba na paka watatu. Paka nawahesabu kwa sababu ndio walionisaliti.

Nawaandikia jioni hii hii, ndugu zangu wa Yangambi, ili mwenye mtumbwi akiteremka kesho aondoke na barua. Habari itawafikia tu, najua. Bora muipate kwangu. (Karatasi ikinuka, ni mikono yangu.)

Tangu maasi yaanze, meli hazipandi tena huku kwetu Kisangani. Hakuna sabuni, hakuna uzi, hakuna kartushi za bunduki. Wakubwa wapya wa mji wametuachia bunduki za kuwindia kwa kuwa nao wanapenda nyama, lakini kartushi hawatoi. Basi wawindaji wa mtaa wetu wanaokota maganda yaliyokwisha pigwa, wanayajaza upya, kisha wanayakunja midomo kwa sertiseri. Ni kile kimashine cha chuma chenye mkono wa kuzungusha, kinachobanwa ukingoni mwa meza. Papa Rajabu, mkubwa wa wawindaji, aliinunua sertiseri yake kabla ya Dipanda, uhuru wetu. Mvua za mwezi huu zikaitia kutu, na nyingine ya kuazima hatuijui.

Mimi ni fundi cherehani, lakini mnajua moyo wangu uko porini. Miaka mitatu nimemwomba Papa Rajabu anichukue kwenye msafara wao. Wiki mbili zilizopita akaniita.

"Asumani, kamata hii chuma. Utoe kutu, uichunge, uilete Ijumaa ya pili kisha sala. Kama inarudi muzuri, utaenda na sisi Opala. Bunduki ya marehemu Salumu iko bila mutu."

Bunduki! Nilirudi nyumbani sioni hata njia.

Na kazi niliianza vizuri, nawaapia. Nilikamua ndimu, nikaloweka, nikasugua kwa gunzi la mahindi, nikasuuza, nikamalizia na majivu. Kutu ikatoka maji mekundu, chuma kikabaki kijivu, rangi ya mto asubuhi ukungu ukiwa bado umelala juu yake. Nikakaa nikiitazama rangi ile. Nikajiona kando ya mto Lomami, majani yanadondosha maji polepole, bunduki begani, na nyuma yangu watu wanaambiana kwa kunong'ona, "Tulieni, Asumani amesimama." Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake aliniita mara nne ndipo nikamsikia. (Suruali yenyewe bado ilikuwa na mguu mmoja.)

Ikabaki kupaka mafuta. Chupa yangu ya mafuta ya cherehani ina kimo cha vidole viwili tu, na nyingine sijui itatoka wapi. Nikaona choyo. Nikajiambia, mafuta ni mafuta. Jikoni mama alikuwa na kopo la mawese yaliyobaki alipokaanga makayabu. Nikachovya kitambaa, nikapaka kila pembe, nikafunga vizuri, nikaiweka chini ya kitanda. Siku kumi sikuifungua. Nilikuwa nashughulika kuota.

Makayabu, ndugu zangu. Samaki wa chumvi. Chumvi!

Leo baada ya sala nikatoka na furushi langu kifuani, nimevaa shati safi. Njiani paka wa jirani akanifuata. Kufika kona wakawa wawili. Kwa Papa Rajabu nikaingia na watatu, mikia juu. Nilidhani hata wanyama wameshanitambua kuwa mwindaji. (Ndiyo. Nilidhani hivyo kweli.)

Papa Rajabu alikuwa barazani na kanzu yake nyeupe, na wenzake sita wamemzunguka. Nikafungua furushi juu ya meza. Sertiseri nyekundu, inametameta!

"Iko mawese, Papa," nikasema kwa kujivuna. "Nilipaka mingi."

"Bon. Pangusa tuone."

Nikatoa leso yangu nyeupe. Nikapangusa, nyekundu. Nikapangusa tena, nyekundu. Mara ya tatu ikatoka kahawia, na punje punje za kutu.

Tonton Bosco, anayewapikia wakiwa porini, akainama. "Mawese ya kwenu iko na muchanga?"

Papa Rajabu akashika mkono wa sertiseri, akazungusha. Haukwenda. Akashika kwa mikono miwili. Kwiiiii! Kuku wa uani wakakimbia.

Hapo paka wa jirani akaruka mezani, akaanza kulamba.

Papa Rajabu akamtazama paka. Akanitazama mimi. Akagusa chuma kwa kidole, akaweka kidole ulimini.

"Makayabu," akasema.

Eeeh! Watu walicheka mpaka kiti cha tonton Bosco kikaanguka naye, akapiga kelele akiwa chini: "Nyama ya pori itamusikia harufu toka Kisangani! Itatungoja ao itakimbia, alors?"

Papa Rajabu peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Asumani, wewe iko fundi. Cherehani yako unaipakaka nini?"

"Mafuta ya cherehani, Papa."

"Iko nayo nyumbani?"

"Kidogo, Papa."

"Donc cherehani yako unaihurumia, sertiseri yetu unaikaanga."

Nilikimbia kuleta chupa. Nikasugua upya mbele yao wote, paka wakiwa wamekaa mstari wa mbele. Papa Rajabu akanisimamia: maji ya moto kwanza, chumvi itoke yote, kisha juu ya makaa, mpaka chuma kikauke hata ndani ya matundu, kisha mafuta membamba, kiasi cha jasho tu la paji la uso, kisha kitambaa kikavu, na kila wiki kufungua na kuangalia. Ilipofika alasiri mkono ukazunguka. Lakini chuma kimebaki na vidonda vidogo vidogo. Papa alivipapasa kwa kidole gumba, kimoja kimoja. Nilitamani anitukane.

Nikauliza kwa sauti ndogo: "Na Opala, Papa?"

Wakatazamana.

"Opala utaenda."

Moyo ukapanda. Nikauona ukungu, nikaiona Lomami, nikasikia majani yakidondosha maji.

"Bosco anachoka na kupika," akaendelea. "Bunduki ya Salumu yeye ndiye atabeba. Wewe, tumeona, mafuta ya kukaangia unaijua muzuri."

Msinicheke, tafadhali. Jumatatu alfajiri naingia pori la Opala, hatimaye, na mwiko begani.