Bajaji Inayokunywa Mkaa

Jumatatu, 4 Agosti
Mchana kutwa nimeota macho wazi. Bajaji yangu inapaa juu ya Ruvuma, petroli haina hata tone. Inakunywa mkaa! Nimesoma kwenye simu: mkaa ukiwaka ndani ya pipa lililofungwa, hewa ikipenya kidogo tu, hutoa gesi. Injini inaila gesi hiyo na kushiba. Mke wangu Rukia kasema mkaa ni wa kupikia. Hana ndoto, maskini.

Jumatano, 6 Agosti
Pipa limechomelewa nyuma ya bajaji. Inasio, dereva mwenzangu wa kijiweni, kaniuliza kama nauza mishikaki. Wivu tu! Jumamosi mpwa wangu Farida anapelekwa kwa mumewe, kijijini Mpapura. Inasio alijitolea kumpeleka. Nikamkatalia mbele ya watu. Raha iliyoje!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimejaribu mtambo stoo, mlango nimefunga, Inasio asiibe siri. Injini ikanguruma! Kisha kichwa kizito, kizito kitamu. Nikaona bahari ya Shangani imejaa bajaji nyeupe, zinaelea polepole, abiria wananipungia mikono. Nikazinduka uani, nimeburutwa miguu. Rukia analia. Gesi ile inaua, akasema, wala huisikii harufu. "Hashimu, uniache mjane kwa sababu ya jiko?" Nimemwomba radhi.
Lakini injini ilinguruma!

Jumamosi, 9 Agosti
Tumeondoka kwa vigelegele. Mikorosho inachanua, upepo mwanana, Farida anaimba. Nilikuwa mawinguni. Kwenye kilima bajaji ikakohoa, ikazima. Nikafungua mfuniko nichungulie moto. Puu! Nyusi zangu zikaenda. Masizi yakamfunika bibi harusi tangu shela hadi viatu. Akalia. Halafu akanitazama usoni, akacheka mpaka akakaa chini. Inasio akatokea nyuma yetu, akampakia bila kusema neno. Hata neno moja! Hilo ndilo limeniuma.
Farida kaingia kwa mumewe na kanga ya kuazima. Wamempokea kwa shangwe.

Jumatatu, 11 Agosti
Pipa Rukia kalipandia mchicha. Nimekaa, nimetafakari kwa kina, kosa nimeliona: mkaa. Mkaa ni mkavu mno. Maganda ya korosho yana mafuta, yanawaka kwa hasira! Jesca, binti wa jirani, anaolewa mwezi ujao. Nimeshamwambia asihangaike na usafiri.