Ombi Rasmi la Kupinduliwa Jumapili Ijayo Saa Tisa

Kwa Msimulizi Mkuu wa Mchezo,
Karakana ya Useremala, mlango wa nyuma.

Mjomba mheshimiwa, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba kile kidole ulichokipiga nyundo kimepona. Mimi mwili ni mzima. Kuhusu roho, naomba uweke randa chini, uketi kwenye benchi, usome.

Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu mchezo wetu wa Jumapili: ule ambao wewe unasimulia nchi ya kubuni, sisi watatu tulioizunguka meza yako tunasema wahusika wetu wanafanya nini, na dadu zinaamua nani anafaulu na nani anavunjika mguu. Kwa miaka miwili mhusika wangu alikuwa mlinzi wa kukodiwa, mwenye panga na hasira za karibu. Nilikuwa na furaha. Leo ni mwezi wa pili nimekuwa Malkia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Sikuomba. Sheria ya meza uliichonga mwenyewe kwa patasi ukingoni: neno la aliyeshika dadu halirudi. Mfalme alipokufa bila mrithi, wakubwa wa nchi walibishana saa nzima, wote kwa sauti yako, nami nikasema kwa uchovu, "Basi nitawale mimi, tuendelee na safari." Nilikuwa nimezishika dadu. Mdomo uliponza kichwa, na kichwa kikavishwa taji la mbao ulilokwisha kulipiga msasa, jambo linalonitia shaka kama hiyo ilikuwa ajali.

2. Panga langu limetundikwa ukutani. Kila nikilitaja, yule Waziri wako anakohoa na kusema, "Mtukufu, Malkia hapigani, Malkia anasikiliza." Kinyozi, kaka yangu wa tumbo moja, amepigana na nyoka wa vichwa vitatu nikiwa meza hiyohiyo, naelezwa habari za mfereji ulioziba. Siku hiyo nilirusha dadu ya pande ishirini, nikapata ishirini, ya kwanza mwaka huu. Ukatangaza kwa shangwe kwamba nimeuelewa mfereji vizuri sana.

3. Hapa ndipo panapouma. Jumatatu hadi Jumamosi, kama ujuavyo, nakaa dirisha namba tatu la ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Watu wanakuja, nasikiliza, nagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nasema, "Suala lako linashughulikiwa," wanaondoka. Linashughulikiwa na nani, sijui. Karatasi zinaingia kwenye trei, trei inaingia chumba cha mafundi, na huko sijakanyaga tangu niajiriwe. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kuvunja mlango kwa teke. Umeninyang'anya, ukanipa dirisha jingine lenye mto wa hariri. Nilipokulalamikia ulisema ukubwa ni jaa. Kweli, Mjomba, lakini jaa mimi ninalo tayari, tena lina feni mbovu. Naumia, na hilo silisemi kwa kejeli.

4. Bibi wa ndoo. Kati ya raia wote uliowabuni, kwa nini yule? Alikuja ukumbini na ndoo tupu kwa kuwa kijiji cha juu kimeziba kijito. Nikamjibu kwa mazoea, "Suala lako linashughulikiwa." Akashukuru, akaenda. Jumapili iliyofuata karudi: "Bado, mwanangu." Hana neno jingine. Wiki ya saba sasa ni "Bado, mwanangu," kwa ile sauti yako nyembamba, huku ukinisogezea kopo la gundi liwe ndoo. Namsikia hata nikiwa kazini. Naomba unijibu kwa maandishi kama umewahi kupanga foleni dirishani kwangu ili uibe sauti za watu.

5. Nikaamua kutawala vibaya ili nipinduliwe kihalali. Niliamuru kila raia atembee kinyumenyume siku ya Jumanne. Ukasema wananchi wamelipokea agizo kwa furaha na wameunda kamati. Nikaivunja kamati; ikaundwa kamati ya kusimamia uvunjaji. Nikamteua punda kuwa jaji mkuu. Ukasema kesi sasa zinakwenda haraka kuliko zamani. Kisha ukaniimbia wimbo wa sifa, beti sita, ukigonga msumeno.

6. Wenzangu nao wamenoga. Nilimsihi Kinyozi aongoze uasi, akaapa. Akapanda ngazi za ikulu na kisu mkononi, akapiga magoti, akaomba uwaziri wa barabara. Mhusika wake ni mwizi, Mjomba! Barabara yenyewe hajawahi kuipita, njia yake ni madirishani. Fundi Cherehani, aliyekuwa mganga wa kundi letu, ameshajipa usemaji wa ikulu, na kila nikipiga chafya anatoa taarifa.

Kwa hiyo naomba kupinduliwa Jumapili ijayo, saa tisa alasiri, baada ya chai. Sitaki makubwa. Askari kumi, pamoja na msemaji mmoja mwenye sauti, wanatosha. Nitatokea mlango wa jikoni na panga langu, na nchi yenu mtaendelea nayo. Ombi likikataliwa naacha mchezo moja kwa moja, na kiti changu mpeni mtu anayependa vikao.

Nisalimie mkaza mjomba, watoto wote, na yule paka anayelala juu ya ramani. Kinyozi mwambie nywele zangu nitanyoa kwingine. Waziri simsalimii.

Ni mimi mpwa wako mtiifu,
Mlinzi wa zamani.

N.B. Barua hii ilikuwa kwenye bahasha tangu juzi. Leo asubuhi amekuja dirishani mama mmoja na karatasi iliyochakaa kwa mikunjo, mihuri yangu mitano juu yake. Nikainua muhuri nigonge wa sita. Akasema, "Bado, mwanangu." Mjomba, sijui nilipatwa na nini. Nilifunga dirisha, nikaingia chumba cha mafundi, nikawakuta wanacheza drafti, nikasema kwa sauti ya ukumbini, "Malkia anataka bomba la mtaa wa huyu mama lifunguliwe." Walinitazama. Kisha mmoja akachukua spana, nadhani kwa woga. Tukaenda wote, mimi mbele, viatu vya ofisini kwenye tope. Saa sita maji yakatoka. Mama alijaza ndoo, akaniwekea mkono begani. Mkuu wangu amenitaka nijieleze kwa maandishi kwa nini niliacha dirisha. Nimemwambia suala lake linashughulikiwa.

Mapinduzi yafutwe. Kinyozi asiliguse taji. Jumapili mweke bibi wa ndoo awe wa kwanza kwenye foleni, na unishushie panga langu ukutani. Tunakwenda naye kijiji cha juu.