Shimo la Mkurugenzi

Jumatatu, 4 Agosti

Maji! Maji uani kwangu!

Nilikuwa nachimba kishimo cha kusimamishia kibao changu kipya (USHAURI WA BIASHARA, MUONE MKURUGENZI). Sijafika hata magotini, jembe likazama, udongo ukalainika, maji yakaanza kupanda. Nikaonja. Safi kabisa. Yana harufu kidogo ya dawa, kama ukumbi wa hospitali. Madini hayo, bila shaka. Madini ya ardhini.

Wiki ya tano sasa bomba la mtaa ni kavu. Bomba la serikali, hilohilo linalopeleka maji zahanati ya pale kona. Watu wanavuka barabara kuu na madumu kwenda bomba la sokoni, wanasimama foleni saa nzima. Na mimi nimekalia chemchemi! Halmashauri imeshindwa, ua wangu umeweza. Nimesema hivi tangu waliponipunguza kazi hukohuko halmashauri, kitengo cha mafaili: huduma muhimu wapewe watu binafsi. Mtu anayetafuta faida haachi bomba likauke.

Mke wangu ni mkunga katika zahanati hiyo. Amerudi jioni, akatazama shimo, akatazama matope miguuni mwangu, akauliza kibao kiko wapi. Nikamwambia kinaelea. Akaguna. Binti yetu, aliyekuja kujifungulia kwetu na siku zake zimekaribia, ndiye pekee aliyecheka, mpaka akashika kiuno.

Siwezi kukaa. Nimekwenda kulitazama shimo mara sita. Bado lipo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechimba tangu alfajiri. Shimo sasa linanifika kifuani, na upana wake unatosha kulaza kitanda. Mgongo sina tena. Jina la kampuni limepatikana: Chemchemi Binafsi na Wajukuu. Mjukuu hajazaliwa, lakini mtu anapanga mbele.

Nimefungua saa nne. Saa tano foleni imefika mlangoni kwa fundi cherehani, jirani yangu wa ng'ambo ya njia. Huyu ni mwenyekiti wa kila kamati mtaani, na anaiamini serikali kama mtoto anavyomwamini mama yake. Amekusanya saini arobaini kuiomba halmashauri itengeneze bomba. Barua yake niliisoma. Eti "tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa". Unyenyekevu mkubwa! Wiki tatu haijajibiwa. Ningekuwa bado kwenye mafaili ningeiwekea birika juu yake mimi mwenyewe.

Amekuja na utepe wake wa kupimia shingoni, akachungulia shimoni, akanusa. Akasema ni ajabu, bomba likauke pale kona, halafu maji yachomoze hatua thelathini kutoka hapo. Nikamwambia wivu huo. Akauliza maji ni mali ya nani. Nikamuuliza na shimo je, ni mali ya nani? Akatabasamu tu, na hilo sikulipenda.

Jioni nimempa mke wangu mkataba aupeleke kwa mganga mkuu, zahanati inunue maji kwangu. Humo wazazi wanahudumiwa kwa maji anayobeba yeye kichwani kila asubuhi kutoka sokoni. Nilidhani atafurahi. Aliukunja mkataba mara nne, taratibu, akaniuliza kama mjukuu wangu akizaliwa mle nitamdai maji ya kuogea. Nikasema kutakuwa na punguzo la familia.

Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Mke wangu ameamka kabla yangu, amechota shimoni bila kupanga foleni, amejaza lile pipa la bluu la jikoni mpaka juu, kisha akaondoka na madumu mawili ya zahanati. Amesema maneno machache tu: pipa hili ni la siku ya binti, na atakayeligusa atamtambua yeye ni nani. Nimeitikia kwa heshima. Lakini hebu fikiria! Hasara ya kwanza ya kampuni inatoka ndani ya nyumba!

Wateja nao wameanza. Mmoja kakuta chura kwenye dumu lake, anataka maji mengine. Mwingine anauliza kwa nini nafunga mchana ninapokula. Mama muuza mkaa ametaka kujua malalamiko yanapelekwa wapi. Malalamiko! Bomba la serikali lilipokauka walinyamaza wiki tano. Mimi chura mmoja tu, mtaa mzima unapiga kelele.

Nimeweka utaratibu. Kuanzia leo mteja anajaza fomu, nakala tatu, anasubiri aitwe. Dawati la malalamiko ni kiti cha nyuma ya choo, Alhamisi tu. Foleni imesogea polepole sana, lakini kwa nidhamu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeshindwa kujizuia. Nilikuwa naranda tu nje, nahesabu watu wa foleni, nikamsikia fundi cherehani anawaambia wateja wangu wawe na subira, halmashauri itakuja. Wateja wangu! Katika foleni yangu!

Nikavuka njia. Nikamwambia mbele ya watu kwamba serikali haiwezi kuja, haijui hata mtaa huu uko wapi. Akasema itakuja. Tukawekeana dau: isipokuja mpaka Jumapili, ataniita Mheshimiwa hadharani mwezi mzima. Ikija, nitamwita yeye.

Kisha nikaketi palepale kwenye benchi lake nikaandika barua ya kwangu, tuone nani anajua kuandika. Sikunyenyekea hata kidogo. Nimewaambia wamelala. Nimewaambia raia mmoja, kwa jembe moja, amepata maji mengi kuliko idara yao yote, yanapanda kwa nguvu usiku na mchana, yana harufu ya dawa, hatua thelathini mashariki ya zahanati. Ili waone aibu vizuri, nimechora ramani. Shimo nimelitia wino mwekundu. Nimeipeleka kwa mkono wangu na nikadai igongwe muhuri.

Nimerudi natembea kwa madaha. Dawati la malalamiko lilikuwa na watu kumi na wanane. Nimelifunga.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamekuja.

Saa tatu asubuhi, gari la halmashauri, mafundi bomba wawili, na ramani yangu mkononi. Nilidhani wamekuja kujifunza. Nimewatembeza shimo zima, nimewaeleza habari za madini. Yule mnene akachota kwa kiganja, akaonja, akamtazama mwenzake. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema wiki tano wanatafuta bomba kuu limepasukia wapi, wamechimba upande wa pili wote wa barabara, na hakuna mwananchi aliyewahi kuwachorea ramani safi namna hii. Akasema kesho saa sita wanafunga koki na kuziba.

Nikawaambia bomba sawa ni lao, lakini shimo ni langu. Wakasema shimo nibaki nalo.

Fundi cherehani alikuwa mlangoni kwake anashona kifungo, akaniinamishia kichwa tu. Afadhali angesema!

Kichwa kikaanza kwenda mbio. Kesho mwisho! Basi leo tuuze! Nimetupa fomu, nimepiga kelele njiani, ofa ya mwisho, ofa ya mwisho. Watu wakajaa. Tukachota mpaka shimo likawa tope tupu, maji yakawa hayapandi kwa kasi ya wateja. Na foleni bado ndefu. Nikaliona pipa la bluu.

Nikajiambia binti bado, tumbo lilelile la jana. Nikajiambia usiku shimo litajaa tena, alfajiri nitalijaza pipa, nani atajua? Nimeliuza lote. Nimelifunika vizuri kama lilivyokuwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati.

Alfajiri nilipitiwa na usingizi. Kimeniamsha kilio cha binti. Uchungu umemwanza. Mke wangu alishamvalisha, wanatoka, akaniambia niwaletee maji ya pipa zahanati kabla ya saa sita. Nikasema sawa. Sikuwa na ujasiri wa kusema kitu kingine.

Nikakimbilia shimo. Wale mafundi, wachapakazi wa ghafla, walikuja saa moja badala ya saa sita. Koki imefungwa. Chini kulikuwa na tope na yule chura. Wiki tano hawaonekani, halafu siku hii ndiyo wanawahi!

Nikachukua madumu mawili, nikavuka barabara kuu mbio. Bomba la sokoni, foleni haina mwisho, nusu yao wateja wangu. Nikawaomba wanipishe. Mama muuza mkaa akaniuliza kama nimejaza fomu. Nikaanza kuongea peke yangu, namwona binti yangu amelala pale na mama yake ananyoosha mkono kutafuta maji, hakuna maji, kwa sababu yangu. Kwa sababu yangu mimi.

Fundi cherehani alikuwa mbele, anamalizia kujaza dumu lake la pili. Nikamwambia yote, mpaka la pipa. Hakutabasamu. Akanipa dumu moja, akabeba moja, tukaondoka.

Mke wangu alitupokea mlangoni, mikononi amevaa glavu. Akauliza maji ya pipa yako wapi. Nikasema nimeyauza. Miaka ishirini na sita ya ndoa, macho yale sijawahi kuyaona. Akachukua madumu akaingia ndani.

Tumekwenda na kurudi mara tatu. Mara ya tatu ndipo bomba la ukutani pale ukumbini likakohoa. Likatema kutu. Likanyamaza, sote tumesimama tunalitazama. Kisha likafunguka, maji meupe, kwa nguvu, na harufu ileile ya madini yangu. Muda mfupi baadaye, nyuma ya mlango, mtoto akalia.

Msichana. Ameogeshwa maji ya halmashauri.

Nimelia mbele ya fundi cherehani. Amenipa kipande cha kitambaa nijifute, kimekatwa kwenye suruali ya mtu. Nimemwita Mheshimiwa bila kuambiwa. Nimemshika mjukuu na nimemwapia sikioni: babu yake hatauza tena kitu ambacho watu hawawezi kuishi bila kuwa nacho. Nimeapa, na nimeandika hapa ili iwe ushahidi.

Jumapili, 10 Agosti

Mjukuu yuko nyumbani. Ana paji langu la uso. Mke wangu anaongea nami tena, maneno mawili matatu, lakini anaongea.

Fundi cherehani anawaambia watu kwamba ni ile barua yake ya saini arobaini ndiyo iliyoleta mafundi. Ya unyenyekevu! Nimevumilia. Nimemwita Mheshimiwa mara tatu, meno yameuma.

Mke wangu amenipa sepetu nifukie shimo kabla mtoto hajaanza kutambaa. Ni haki yake. Nimekwenda. Nimesimama ukingoni. Shimo limekauka safi, linafika kifuani, upana wa kitanda. Shimo zuri. Na mtoto atatambaa lini? Miezi, miezi kadhaa.

Kutoka ukingoni pale unaiona kona yote. Gari la taka la halmashauri halijapita wiki mbili. Mirundo ya taka imefika dirishani kwa fundi cherehani, nzi tele. Watu wanahangaika, hawajui watupe wapi. Na mimi nimesimama na shimo tupu!

Taka haziuzwi, kwa hiyo kiapo hakigusi hapo.

Sepetu nimeiegesha. Kampuni inaitwa Usafi Binafsi na Mjukuu. Kwanza lakini halmashauri waambiwe ukweli wao, safari hii bila huruma, wasithubutu hata kuutazama mtaa huu. Barua iko tayari, kurasa mbili: siku zote ambazo gari lao halikupita, na kila rundo liko wapi. Nimeambatanisha na ramani, nzuri kuliko ile ya kwanza.